Mukluk, 1983: Umbo Lilionekana, Mafuta Hayakuwapo

Desemba 1983, juu ya kisiwa cha changarawe kilichojengwa katika Ghuba ya Harrison, kaskazini mwa Alaska, kampuni ya Sohio ilitangaza matokeo ya kisima chake cha Mukluk: maji ya chumvi. Haki za kutafuta mafuta juu ya muundo huo mmoja wa miamba zilikuwa zimewagharimu wanunuzi kiasi cha dola bilioni 1.5. Kisiwa na uchorongaji vilikula zaidi ya milioni 100 nyingine. Mpaka leo, wanajiolojia wakianza kuhesabu visima vikavu, yaani visivyotoa mafuta, vya gharama kubwa, Mukluk haikosekani.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama bahati mbaya. Sioni hivyo. Data za mitetemo, yaani mwangwi wa mawimbi ya sauti yaliyotumwa ardhini, zilizowapeleka watu Mukluk ziliwapa karibu kila kitu ambacho data za aina hiyo zinaweza kutoa. Tatizo ni kwamba jibu la swali moja, yaani umbo la miamba likoje na ni kubwa kiasi gani, lilipewa uzito wa majibu ya maswali mengine mawili, yaani kama funiko la juu lilishika na kama mafuta yaliingia kwa wakati unaofaa, ambayo mitetemo haikuulizwa vizuri, na pengine kwa wakati ule isingeweza kuyajibu.

Kilichokuwa mezani

Mwaka 1968 kampuni za ARCO na Humble ziligundua Prudhoe Bay, uwanja wenye takriban mapipa bilioni 25 ardhini, ingawa si yote yanayoweza kutolewa. Hakuna uwanja mkubwa kuliko huo uliowahi kupatikana Amerika Kaskazini kabla yake. Mapishi yake yalijulikana vizuri kufikia miaka ya themanini. Mwamba hifadhi, yaani ule unaobeba mafuta kwenye vinyweleo vyake, ni mwamba wa mchanga wa kundi la Sadlerochit. Miamba chanzo, yaani ile iliyozalisha mafuta, ikiwamo Shublik ya kipindi cha Triasiki, iko jirani. Kuna mwinuko mrefu uliozikwa chini ya pwani, unaoitwa Tao la Barrow, ambako mafuta yaliyokuwa yakipanda kutoka kusini yalikusanyika. Kisha kuna uso wa mmomonyoko wa mwanzo wa kipindi cha Kretasia, uliokata kichwa cha tabaka hizo, na juu yake mwambatope ukatanda na kuzifunika.

Magharibi zaidi, takriban kilomita 100 kutoka Prudhoe, mistari ya mitetemo ilionyesha mwinuko mwingine mkubwa chini ya bahari. Ulikuwa kwenye tao lilelile. Mwamba wa mchanga uleule ulitarajiwa kuwapo, na miamba chanzo ni ileile. Serikali ya Marekani ilipopiga mnada vitalu vya eneo hilo Oktoba 1982, zabuni zilizoshinda zilizidi dola bilioni 2 kwa jumla, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilielekea kwenye muundo huu mmoja. Kuna waliotaja mapipa bilioni 1.5 yanayoweza kutolewa, na kuna walioota makubwa kuliko hayo.

Ukitazama orodha hiyo bila kujua mwisho wa kisa, ni vigumu kumlaumu aliyenunua. Nasema hivyo mapema, kwa sababu uchambuzi wa visima vikavu una tabia mbaya ya kumfanya kila aliyekuwa chumbani aonekane mjinga.

Mwangwi unaopimwa kwa sekunde

Utafiti wa mitetemo unaanza na kelele. Baharini, meli huburuta bunduki za hewa zinazofyatua hewa iliyoshindiliwa. Nchi kavu, malori mazito hutikisa ardhi kwa bamba la chuma. Mawimbi hushuka, na kila yanapokutana na mpaka wa miamba miwili iliyotofautiana kwa uzito na kwa kasi ya sauti, sehemu ndogo hurudi juu. Ni ndogo kweli: kwenye mipaka mingi hurudi asilimia chache tu ya mwendo wa wimbi. Vipokezi, haidrofoni baharini au jiofoni nchi kavu, hunasa mwangwi huo, kompyuta huujumlisha na kuusafisha, na mwisho mfasiri anapata picha ya mistari inayopanda na kushuka.

Picha hiyo ina kasoro moja ambayo mgeni huisahau na mwenyeji huiota usiku. Mhimili wake wa wima ni wakati. Hauonyeshi mita. Anachokiona mfasiri ni sekunde ambazo wimbi limetumia kwenda na kurudi. Ili kupata kina lazima ajue kasi, na kasi hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Katika bahari ya Beaufort, ambamo Mukluk imo, jambo hili lina sumu ya pekee. Wakati wa zama za barafu, maji ya bahari yalipokuwa chini, sehemu ya kina kifupi ya sakafu ya bahari hiyo ilikuwa nchi kavu nayo ikaganda. Mabaki ya ardhi hiyo iliyoganda yamo bado chini ya maji katika baadhi ya maeneo, na pwani yenyewe, upande wa Prudhoe, kuganda kunafikia kina cha zaidi ya mita 600. Barafu ndani ya changarawe huongeza kasi ya sauti mno.

Chukua mfano wa hesabu ya kujipimia. Tuseme mita 300 za juu zimeganda upande mmoja, na kasi yake ni mita 3,600 kwa sekunde. Wimbi litatumia sekunde 0.167 kwenda na kurudi ndani ya mita hizo. Upande wa pili hazijaganda, kasi ni mita 2,000, na wimbi litatumia sekunde 0.300. Tofauti ni sekunde 0.133. Ukiichukulia tofauti hiyo kana kwamba imetokea chini kabisa, kwenye miamba ya kasi ya mita 3,000, utapata mwinuko wa karibu mita 200 ambao haupo. Tabaka limelala tambarare, lakini picha inakuonyesha kilima.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri yeyote wa eneo kama hilo linapaswa kuwa: kilima hiki kinabaki nikibadilisha kasi? Usichore ramani moja ya kina. Chora kumi, kila moja kwa kasi inayowezekana, uone ni ngapi zinaacha umbo likiwa limejifunga pande zote, yaani likishuka kila upande ili mafuta yasitoroke. Umbo likifunga katika tisa, lina nguvu. Likifunga katika nne tu, basi hata kabla ya kuongelea mafuta una mashaka. Kazi ya namna hii inachosha na haivutii mbele ya wakurugenzi, ambao hupenda ramani moja yenye rangi nzuri.

Huko Mukluk, hata hivyo, hoja ya umbo haikuwa ndiyo iliyoangusha kisima. Kisima kilichorongwa kuanzia Novemba 1983, kikafika kwenye mwamba wa mchanga, na mwamba huo ulikuwa na madoa ya mafuta.

Madoa

Madoa hayo ndiyo kiini cha kisa. Mwamba wa mchanga uliolowa maji tangu siku ulipozaliwa hauna madoa. Huu ulikuwa nayo. Mafuta yalipita hapo, na yaelekea yalikaa, kisha yakaondoka. Richard Bray, aliyekuwa akiongoza tawi la uzalishaji la Sohio, alisema walichoronga mahali sahihi, ila walichelewa miaka milioni 30. Kauli hiyo imerudiwa mno hadi imekuwa mzaha wa wanajiolojia, lakini isome polepole. Ni maelezo ya kitaalamu kabisa: chanzo kilikuwapo, hifadhi ilikuwapo, njia ya mafuta ilikuwapo, umbo lilikuwapo. Kilichokosekana ni funiko la kudumu, yaani tabaka la juu la kuzuia mafuta yasitoroke.

Maelezo yaliyotolewa yanakwenda njia mbili. Ama funiko lilivuja, mafuta yakapanda yakapotea, ama eneo zima liliinama baada ya mafuta kuingia, na yakamwagika upande kuelekea kwingine. Mitetemo inakuonyesha chungu kilivyo leo. Haikuambii kama kiliwahi kuinamishwa kikiwa kimejaa.

Hapa ndipo nadhani uchambuzi mwingi wa Mukluk unakata kona. Husemwa kwamba mitetemo haiwezi kuona historia, na mjadala unafungwa. Si kweli kabisa. Haiwezi kuiona moja kwa moja, lakini inaweza kuulizwa. Mfasiri anaweza kuchukua tabaka lililokuwa sakafu ya bahari miaka milioni 60 iliyopita, akalilaza tambarare kwenye kompyuta, na kila kilicho chini yake kikasogea pamoja nalo. Anachokiona sasa ni umbo la mtego, yaani umbo la miamba linalonasa mafuta, kama lilivyokuwa siku ile. Akirudia kwa tabaka lililo juu zaidi, na lililo juu zaidi tena, anapata mfululizo wa ramani unaoonyesha mtego ukizaliwa, ukikua, ukiinama, pengine ukifunguka. Mfululizo huo ukiwekwa sambamba na hesabu ya lini mwamba chanzo ulipata joto la kutoa mafuta, swali la wakati linaanza kuwa na jibu la nusu. Jibu la nusu lenye thamani ya dola bilioni si haba.

Vivyo hivyo kwa funiko. Nyufa zinazokata mwambatope hadi karibu na sakafu ya bahari huonekana, mistari ikiwa imesogeleana vya kutosha. Gesi inayovuja kwenda juu huvuruga mwangwi na kuacha nguzo za ukungu kwenye picha, na nguzo hizo juu ya mtego ni onyo. Uso wa mmomonyoko ukigusana na mwamba mwingine wa mchanga badala ya mwambatope, mahali hapo ni mlango. Lakini mwaka 1982 ramani nyingi za utafutaji zilitoka kwenye mistari ya pande mbili, mmoja hapa na mwingine kilomita kadhaa mbali. Utafiti wa pande tatu ulikuwapo tangu miaka ya sabini, ila bado haukuwa mazoea. Kati ya mstari na mstari, mfasiri hujaza kwa akili, na akili yenye matumaini hujaza kwa matumaini.

Mbona hawakuona kama ni maji?

Swali la haki. Tangu mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, watafutaji wa Ghuba ya Mexico walikuwa wamegundua kwamba gesi ndani ya mchanga mlaini hupunguza kasi ya sauti kiasi cha kufanya mwangwi ung'ae. Mwangwi huo waliuita madoa angavu. Mahali pengine mpaka wa gesi na maji hujitokeza kama mstari tambarare unaokata tabaka zilizopinda, na mstari huo, ukiuona, unastahili kukufanya usimame kwenye kiti, kwa sababu miamba hailali tambarare kwa hiari yake ndani ya mkunjo.

Lakini dalili hizi zina masharti. Zinafanya kazi vizuri zaidi kwenye mchanga wa umri mdogo, usioshikamana sana, na kwa gesi zaidi kuliko mafuta. Mwamba wa Sadlerochit ni wa zamani, umeshindiliwa, na mifupa yake migumu ndiyo inayobeba wimbi. Ukibadilisha maji kwa mafuta ndani ya mwamba wa aina hiyo, kasi inabadilika kidogo sana. Ongeza hapo ukali wa picha: kwa kasi ya mita 3,000 na mawimbi ya mizunguko 30 kwa sekunde, urefu wa wimbi ni mita 100, na robo yake, mita 25, ndiyo unene unaoweza kutenganishwa kwa uhakika. Chini ya hapo juu na chini ya tabaka vinachanganyika.

Hata gesi yenyewe ina hila. Asilimia chache tu za gesi ndani ya vinyweleo hushusha kasi karibu sawa na gesi iliyojaa. Mtego uliovuja na kubakiza mabaki unaweza kung'aa kama mtego uliojaa. Mwaka 1984, W. J. Ostrander alichapisha kazi iliyoonyesha jinsi nguvu ya mwangwi inavyobadilika kadiri umbali kati ya chanzo na kipokezi unavyoongezeka, na jinsi mchanga wenye gesi unavyojitenga kwa tabia hiyo. Njia hiyo iliwasaidia watafutaji wengi sana. Isingetatua tatizo la mabaki ya gesi kwa ukamilifu, na kwa mafuta ndani ya mwamba mgumu ingesaidia kidogo.

Ukubwa si uwezekano

Watafutaji hugawa uwezekano wa kufaulu katika vipande na kuvizidisha. Tuchukue namba za mfano tu. Chanzo na njia ya mafuta, 0.9. Mwamba hifadhi, 0.9. Umbo, 0.8. Funiko na wakati, 0.5. Ukizidisha unapata 0.324, yaani karibu mara moja katika tatu. Hapo ukiwa na jirani kama Prudhoe, hifadhi inayojulikana na ramani unayoiamini.

Angalia kitu kilichokosekana kwenye hesabu hiyo: ukubwa wa kilima. Haumo. Ukubwa unaongeza zawadi ukishinda. Hauongezi nafasi ya kushinda hata chembe. Lakini ni vigumu kwa binadamu kutazama umbo kubwa, lililo wazi kwenye kila mstari, na asihisi kwamba uwazi wa umbo ni uhakika wa mafuta. Kwa maoni yangu hili ndilo lililotokea mwaka 1982, na linaendelea kutokea popote penye mikutano ya kuchagua visima. Kipande cha umbo kinapanda kutoka 0.6 hadi 0.8 baada ya data mpya, na chumba kizima kinaondoka na furaha kana kwamba mradi wote umepanda hadi 0.8. Kipande cha funiko kimekaa palepale kwenye 0.5 kwa sababu hakuna aliyekigusa.

Kisha mnada huzidisha madhara. Mwaka 1971, wahandisi watatu wa ARCO, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini washindi wa minada ya vitalu vya mafuta walikuwa wakipata faida ndogo kuliko walivyotarajia. Kampuni nyingi zikikadiria thamani ya kitu kimoja kwa data zinazofanana, makadirio yatatawanyika juu na chini ya ukweli, na anayeshinda ni yule aliyekosea zaidi kwenda juu. Karatasi yao ilikuwa na umri wa miaka 11 wakati wa mnada wa Mukluk, na ilitoka kwa watu wa kampuni iliyoshiriki kugundua Prudhoe. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Nadhani pia mitetemo ilichangia kwa njia isiyozungumzwa sana. Kila mshindani alikuwa na mistari inayopita juu ya kilima kilekile, hivyo kila mmoja alijua kwamba wengine wamekiona. Muundo uliofichika hununuliwa kwa bei nafuu na kwa utulivu. Muundo unaoonwa na wote unauzwa kwa bei ambayo imekwisha kuhesabu mafuta yote ndani yake, na anayeununua hajabakiziwa nafasi ya kukosea.

Kilichofuata

Mwaka uliofuata, 1984, kisima cha Shell kwenye kisiwa kingine cha kujengwa, Seal Island, kaskazini-magharibi mwa Prudhoe, kilipata mafuta kwenye mwamba wa mchanga uleule. Uwanja huo sasa unaitwa Northstar, na ulianza kuzalisha mwaka 2001. Bahari ileile, lengo lilelile, njia zilezile za kufasiri; tofauti ni kwamba hapo mafuta yalikaa. Matokeo ya Mukluk, kwa hiyo, hayakuwa hukumu dhidi ya mitetemo wala dhidi ya Sadlerochit.

Lakini kinachonivutia zaidi kimetokea nchi kavu, karibu na delta ya mto Colville, upande wa kusini wa ghuba ileile. Mwaka 1994 ARCO ilipata uwanja wa Alpine kwenye mchanga wa kipindi cha Jurasiki ambao haukuhitaji kilima: mchanga unaishia ndani ya mwambatope, na huko kuishia ndiko kunakozuia mafuta. Kisha, kuanzia mwaka 2013, Repsol na Armstrong walianza kupata mafuta kwenye miamba ya Nanushuk ya kipindi cha Kretasia, kwenye kina kifupi kuliko cha malengo ya zamani. Mwaka 2017 Repsol ilikadiria ugunduzi huo kuwa na mapipa bilioni 1.2 yanayoweza kutolewa. Mwaka huohuo ConocoPhillips nayo ilitangaza ugunduzi wa Willow, magharibi zaidi, kwenye miamba hiyohiyo.

Ukitafuta kilima kwenye ramani ya Nanushuk hukipati. Kinachoonekana ni kingo za delta za kale, mahali mchanga wa ufukweni ulipogeukia kilindi cha bahari ya wakati ule na kuzikwa na tope. Kwenye mistari ya zamani kingo hizo zilikuwa mabadiliko hafifu ya mwangwi, na visima kadhaa vya awali vilivyoelekea chini zaidi vilizipita njiani. Utafiti wa pande tatu, mfasiri akifuata nguvu ya mwangwi kando ya tabaka badala ya kufuata kimo cha tabaka peke yake, ndio uliozifanya zionekane kama kitu cha kuchorongea. Huko nako funiko halikuachiwa picha: visima vya ziada vilichorongwa pembezoni na mafuta yakapimwa mtiririko, mpaka ikajulikana mchanga unaishia wapi na nini kinauziba.